Kidoto cha Chemchemi ya Chini

Kijarida kilifika shuleni kwa posta, ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa "Mwalimu wa Jiografia" bila jina. Mwalimu wa jiografia nilikuwa mimi peke yangu, kwa hivyo hakukuwa na wa kugombania naye. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika shule ya sekondari ya kutwa upande wa Ruiri, yenye madarasa manne, maabara isiyo na gesi na mlingoti wa bendera uliopinda kidogo. Kijarida chenyewe kilikuwa karatasi sita zilizochapwa kwa stensili na kubanwa kwa pini moja, wino umetapakaa pembeni. Kiliandikiwa walimu. Kilikuwa na habari za mazingira na za vijiji: shule fulani imepanda miti kando ya mto, nyingine imechora ramani ya makorongo yanayokula mashamba. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tangazo. Mradi wa maji wenye ofisi mjini Meru ulitafuta shule za kuusaidia kuchora ramani ya chemchemi na vijito. Shule itakayokubali ingefunzwa, ingeazimwa GPS kwa wiki moja, na ramani yake ingechapishwa katika kijarida.

Nililisoma tangazo hilo mara tatu. Nikisema kilichonivuta ni maji nitakuwa mwongo. Kilichonivuta ni ule mstari wa kuchapishwa. Kwa miaka minane nilikuwa nimefundisha mashamba ya ngano ya Kanada na jinsi Waholanzi walivyoikausha bahari, na wanafunzi wangu waliweza kuuchora mto Rhine wakiwa wamefumba macho. Ukiwauliza kijito kinachopita nyuma ya vyoo vya shule kinaanzia wapi, wanatazamana. Jambo hilo lilikuwa likinikera kwa muda mrefu, na mimi nikikereka utajua tu, hata chaki huvunjika.

Nilijibu tangazo, na semina ya mafunzo ilifanyika Embu, siku mbili, katika ukumbi wa kanisa uliokuwa na viti vya mbao na harufu ya maandazi. Tulikuwa walimu wa Meru na wa Embu, wengi wetu tumevaa koti la harusi. Afisa wa ramani wa mradi alikuwa mwanamume mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alituonyesha GPS, kidude cha kijivu kizito kama kipande cha sabuni ya mche, akatutoa nje uwanjani tukakiinua juu na kungoja setilaiti. Tulingoja mpaka shingo zikauma. Namba zilipotokea tulipiga makofi, na mpishi akatoka jikoni kuangalia tulichoshangilia.

Mchana alitufundisha fomu. Kila chemchemi ingewekewa namba zake za GPS, kisha wanafunzi wangezunguka nyumba zinazoitegemea wakiuliza idadi ya watu na ya mifugo.

"Hapo kwa mifugo mtakuwa na kazi," alisema mwalimu mmoja mwenye mvi kutoka nyanda kavu za Mbeere. "Kwetu ukimuuliza mzee ako na mbuzi ngapi, anakuuliza kama umekuja kumroga."

Tulicheka sote, na afisa akacheka. "Waambieni ni ya maji, si ya kodi," alisema, kisha tukaingia somo la kubadilisha betri.

Nilicheka kama wengine, na sikuwa na haki ya kucheka. Kwetu Meru pia watu na mifugo hawahesabiwi ovyo. Ukitaja idadi ya kitu chenye uhai umeanza kuipunguza. Mamangu akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa akijibu, "Mungu amenipa," na muulizaji mwenye adabu alinyamaza hapo. Kuku wetu walijulikana kwa rangi, mbuzi kwa masikio, ng'ombe kwa majina. Jioni wakirudi, mama alisimama mlangoni pa zizi akiwatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo alijua ni nani asiyekuwepo, si wangapi. Mimi nilidhani mambo hayo niliyaacha nyumbani siku niliyobeba sanduku la bati kwenda shule ya bweni kule Kaaga.

Kabla ya kuondoka Embu nilimwuliza afisa ramani zetu zitafanya kazi gani hasa. Alinieleza waziwazi. Upande wetu wa Ruiri mradi ulikuwa na uwezo wa kujenga pahali pamoja tu: tangi moja, birika la kunyweshea mifugo, na ua wa kuzunguka jicho la chemchemi ili ng'ombe wasilikanyage. Chemchemi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa karibu na barabara, nyingine chini bondeni. Yenye watu na mifugo wengi zaidi ndiyo ingejengewa.

Mama alinywesha ng'ombe wake kwenye chemchemi ya chini. Alikuwa mjane mwenye goti bovu la kulia, na ng'ombe hao ndio waliotusomesha sisi wote, mmoja baada ya mwingine. Kutoka nyumbani kwake hadi chemchemi ya chini hata yeye alifika kabla uji haujapoa. Hadi ile ya barabarani ilikuwa kupanda mlima kwa saa nzima na zaidi. Kila kiangazi chemchemi ya chini iligeuka tope. Ng'ombe waliingia na kwato zao mpaka ndani ya jicho, na akina mama waliinama katikati ya samadi wakichota maji kwa kikombe. Tangi lingejengwa pale, mama angefuga mpaka Mungu amwite. Lisipojengwa, goti lingeamua. Nilirudi kutoka Embu nikijua hivyo, na bado nilichowaza sana ni rangi ya wino ya kuchorea ramani.

Wiki ya GPS ilipofika, shule nzima ilitaka kuishika. Niliigawa kwa zamu, nikaifunga kamba shingoni mwa kila aliyeibeba. Asubuhi ya kwanza tulipima mlingoti wa bendera. Asubuhi ya pili tuliupima tena, namba zikawa nyingine. Asubuhi ya tatu mlingoti ulikuwa umehamia katika shamba la mahindi la jirani. Wanafunzi walicheka wakasema shule inatembea usiku. Afisa alikuwa ametuonya kwamba namba hizo huyumba na kwamba tuzichukue mara nyingi tupate wastani, kwa hivyo tulichukua wastani, na pale tulipokuwa na shaka tukatumia dira na kuhesabu hatua. Wasichana wa kidato cha pili walihesabu hatua kutoka shuleni hadi chemchemi ya chini, wakarudi na soksi nyekundu kwa vumbi. Nilijivunia sana watoto hao. Walifanya kazi safi.

Fomu za mifugo niliwapa wanafunzi wapeleke mitaa yao. Upande wa barabarani wengi walikuwa watu waliohamia karibuni, wafanyakazi waliostaafu na wafanyabiashara walionunua vipande vya ardhi. Ng'ombe wao walikuwa na kadi za chanjo. Walitaja idadi bila kupepesa macho, na wawili watatu nafikiri walitia chumvi. Upande wa chini ni wazee wa tangu na tangu, watu wa mtama na kunde, ambao ng'ombe wao wana ukoo. Wanafunzi wa huko waliniletea fomu zilizojazwa vizuri kwa kalamu ya wino. Hawakulalamika hata kidogo kwamba wazee wamekataa kujibu, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Jumamosi niliketi peke yangu katika chumba cha walimu nikijumlisha. Nilipofika kwa mstari wa mamangu nikaona: ng'ombe wawili.

Nililijua zizi lile. Nimelifagia tangu nikiwa na miaka sita. Nilichukua kalamu nyekundu nisahihishe, kalamu ikakaa juu ya karatasi, na mkono ukakataa. Sina neno lingine. Mwenye diploma ya ualimu, anayewachapa wanafunzi kwa kusoma vibaya kipimo cha ramani, alishindwa kuandika idadi ya ng'ombe wa mamake. Niliona kama ningeiandika, mmoja wao angeamka amekufa. Nikajiambia ni nyumba moja tu, haiwezi kuharibu jumla. Nikaiacha ile mbili, nikaendelea na mstari uliofuata, uliosema tatu. Haikunijia hata mara moja kwamba kama mimi nimefanya hivyo, kila nyumba ya bondeni imefanya vilevile.

Ramani ilitoka nzuri. Nakala safi ya mwisho niliichora mwenyewe, kwa wino mweusi na buluu, na kila chemchemi nikaiwekea duara kulingana na mifugo inayoitegemea. Duara la barabarani lilikuwa kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda. La chini lilikuwa kidoto, nukta ndogo kama punje ya mtama. Kijarida kilichofuata kilituchapisha ukurasa wa mbele, na mhariri akatusifu kwa umakini wa takwimu zetu. Mwalimu mkuu alikibandika ubaoni. Mwenzangu wa Kangeta, aliyefundisha hesabu na kutafuna miraa wakati wa kusahihisha, aliniambia sasa nitahamishwa Nairobi nikawachoree mawaziri. Nilitembea kwa wiki nzima nikiwa nimeinua kidevu.

Nilimpelekea mama nakala. Hakujua kusoma, lakini ramani aliielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Alifuata kijito kwa kidole mpaka bondeni.

"Hapa ni kwetu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ni padogo."

Akanirudishia karatasi, akaenda kutazama sufuria.

Baraza la chifu lilifanyika mwezi uliofuata. Watu wa mradi walikuja na gari, wakatundika ramani yetu kwenye mti wakiwa wameikuza, wakatangaza kwamba tangi, birika na ua vitajengwa chemchemi ya barabarani. Upande wa barabarani wakapiga makofi. Watu wa chini waliacha mikono yao magotini. Nilimwona mama katika safu ya akina mama, miguu ameinyoosha mbele kwa ajili ya lile goti, leso kichwani. Alikuwa akitazama kidoto. Chifu aliuliza kama kuna mwenye swali, na hakuna aliyekuwa nalo.

Mimi nilikuwa nalo, ila nililibeba hadi Meru. Jumatatu niliomba ruhusa, nikaingia ofisi ya mradi bila kubisha.

"Mwalimu, karibu," afisa wa kalamu tatu alisema. "Ramani yenu tumeipenda sana."

"Ramani iko na makosa," nilimwambia. "Hiyo machine yenu ni bure kabisa. Shule yetu ilikuwa inahama kila asubuhi. Mtajengaje tangi na kitu kama hicho?"

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alinivutia kiti.

"Ni kweli inakosea. Wenye setilaiti, hao Wamarekani, wanaivuruga makusudi sisi raia tusipate exact. Inaweza kukosea kama uwanja mmoja wa mpira hivi. Lakini mwalimu, uwanja wa mpira hauwezi kuhamisha tangi kutoka bonde mpaka barabara. Tangi limefuata ng'ombe."

Akafungua faili, akaniwekea mbele fomu zetu.

"Na hizi figures ni zenu," alisema.

Nilizitazama. Mbili. Tatu. Mbili. Moja. Nne. Bonde zima la wafugaji, na hakuna nyumba iliyopita ng'ombe wanne. Hata mgeni kutoka mwezini angeuliza samadi yote ile inatoka wapi. Mimi nilikuwa nimezijumlisha kwa mkono wangu, nikazipigia mstari chini mara mbili. Niliaga nikatoka. Nilipofika nje niliketi kwenye ngazi na aibu yangu.

Siku iliyofuata nilimwita yule msichana wa kidato cha pili aliyejaza fomu ya mama. Alikuwa jirani yetu, mtoto mwenye adabu aliyemwita mama shosho, yaani nyanya.

"Uliona zizi la shosho?" nilimwuliza.

"Niliona, mwalimu."

"Ukaandika wawili."

"Shosho alisema ni wawili. Sasa mimi ni nani nimwambie si wawili?" Alitazama viatu vyake. "Wote walisema hivyo. Na mwalimu, hata wewe uliona fomu, hukusema kitu."

Nilimwambia arudi darasani. Nilikuwa nimemwita nimkemee.

Jioni nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anachambua kunde kwenye ungo. Tuliongea Kimeru, kama tulivyoongea siku zote, na hapa naandika nilivyoyaelewa.

"Mama, kwa nini ulimwambia yule mtoto wawili?"

"Ulimtuma mtoto wa watu aje kuhesabu ng'ombe wangu. Nilimpa namba ya kumrudisha kwao."

"Ilikuwa ya tangi."

"Alisema ni ya shule."

Nilimwambia mficha uchi hazai, kwamba mradi ungejuaje shida yetu ikiwa sisi wenyewe tunaificha. Sauti yangu ilipanda. Mama hakuinua yake.

"Wewe sikukuficha," alisema. "Wewe umewakamua."

Nilichukua kunde nikachambua naye. Hasira yangu ilitafuta pa kutua, na kila ilipozunguka ilirudi kwangu. Jua lilikuwa linashuka magharibi na ng'ombe walianza kurudi, kengele ya yule wa mbele ikisikika kutoka mtoni. Mama akasimama, akashika nguzo ya mlango wa zizi kama kawaida yake. Wakati huo ndipo nilipopata wazo, na natamani ningelipata mwezi mmoja mapema.

"Sitaki idadi," nilimwambia. "Nitajie tu wanapoingia."

Alinitazama, akaelewa ninataka kufanya nini, akafikiri. Kisha akaanza. Mwenye Baka. Binti wa Mwenye Baka. Yule wa Mahari. Mwepesi. Pembe Moja. Aliyezaliwa Pasaka. Kila mmoja alimtaja akipita, na nikaandika jina lake nyuma ya daftari la mahudhurio. Alifurahia kuwataja. Kwa wengine aliongeza tabia zao, huyu mwizi wa mahindi, huyu mama mbaya, na hayo pia niliyaandika. Idadi yao sitaiandika hapa. Ila vidole vya mikono yote miwili havikutosha.

Tulirudia bonde zima namna hiyo. Ilituchukua Jumamosi mbili. Wanafunzi walisimama milangoni mwa mazizi wakati wa jioni na daftari, na wazee waliokataa kutaja tarakimu moja walitaja majina mpaka kalamu zikaisha wino. Mzee mmoja alitaja ng'ombe wake, na mama zao, na nyanya zao waliokufa wakati wa njaa, ikabidi mwanafunzi amwombe kwa heshima abaki na walio hai. Hakuna aliyeona kwamba anahesabiwa, au waliona wakatuachia. Nilipeleka madaftari hayo nyumbani kwangu, nikafunga mlango, nikayahesabu majina moja moja nikijihisi mwizi. Chemchemi ya chini ilikuwa na mifugo mingi kuliko ya barabarani, tena kwa mbali. Nilichora ramani mpya. Duara la chini lilijaa bonde lote, ikabidi jina la kijito niliandike pembeni.

Afisa wa ramani aliisoma ofisini kwake kwa muda mrefu. Aliomba kuona na madaftari, akayafungua, akatabasamu kwa yule mwizi wa mahindi.

"Mwalimu, hii ndiyo kazi," alisema. "Kama ingekuja kwanza."

"Basi badilisheni."

"Saruji imeshamwagwa. Pipes ziko site. Siwezi kuchimbua tangi." Alifunga daftari polepole. "Nitaiweka ya kwanza kwa phase two. Hiyo naweza kukuahidi."

Sikumgombeza. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyemwaga nilikuwa mimi. Kijarida kilichofuata kilichapisha masahihisho, mistari mitatu chini ya ukurasa wa mwisho, kando ya tangazo la miche ya greveli. Ramani mpya hawakuichapisha kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Ile ya zamani ilibaki ubaoni kwetu. Nilitaka kuibandua mara nyingi, lakini kila mgeni aliyekuja mwalimu mkuu alimpeleka kuiona.

Tangi la barabarani lilijengwa imara, hilo nalikiri. Watu wa chini waliruhusiwa kulitumia, kwa zamu, siku mbili kwa wiki. Kiangazi cha kwanza mama alipanda na ng'ombe wake mwenyewe, akitegemea fimbo. Walipofika walikuta foleni, na waliporudi walikuwa wamechoka na wana kiu upya. Baada ya hapo mimi nikawa nampandishia wikendi, na kijana wa jirani nilimlipa awapandishe siku ya katikati ya wiki. Siku nyingine zote alirudi kwenye tope la chemchemi ya chini, iliyokuwa ikizidi kuwa ndogo kwa kukanyagwa, kwa vile ua ulioahidiwa ulikuwa umezunguka jicho jingine. Pembe Moja alinasa humo asubuhi moja. Walimvuta kwa kamba, akatoka amevunjika mguu.

Phase two haikuja. Mradi ulimaliza muda wake, ofisi ya Meru ikawa duka la mitumba, na kijarida kikaacha kufika. Sikusikia tena habari za yule afisa. Kidole cha kumnyooshea sina, alifanya alichoweza na karatasi niliyompa.

Kiangazi cha pili goti la mama lilivimba likakataa kukunjika. Alianza kuwapunguza. Yule wa Mahari alimpa dada yangu. Mwenye Baka na binti yake waliuzwa pamoja, kwa sababu mama alikataa kuwatenganisha, hata kama mnunuzi alitaka mmoja. Kila nilipofika Jumamosi, jina moja lilikuwa halitajwi tena. Nilimwambia nitahamia kwake, nitaajiri mtu wa kudumu, nitanunua tangi la plastiki la kuvunia mvua. Tangi nilinunua kweli. Mvua ndiyo iliyokosa kuja.

Jumamosi moja, karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini, nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pa zizi. Hakuwa akisimama tena wakati wa kuwapokea. Kengele ilisikika kutoka mtoni kama zamani, wakaingia, mama akaniambia nisogeze mti wa mlango. Niliusogeza. Zizi lilionekana pana sana, na majani yalikuwa yameanza kuota kwenye kona.

"Ile karatasi yenu bado iko shuleni?" aliuliza.

Nilimwambia iko. Jua lilikuwa limeifubaza, buluu yote imetoka, lakini maduara bado yalionekana.

"Usiitoe," alisema. "Haina makosa tena."

Kisha akafanya jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwa nimemwona akilifanya kwa kitu chenye uhai. Aliinua fimbo yake, akamwonyesha Mwepesi aliyekuwa akilamba nguzo. "Mmoja," alisema. Akaihamisha kwa Aliyezaliwa Pasaka.

"Wawili."